Songwa: Watoto Waliohesabiwa na Watoto Waliofundishwa

Msafiri anayetoka Shinyanga mjini kuelekea Mwanza kwa treni hupita Songwa kabla hajafika Seke na Malampaka. Ni kituo kidogo, na abiria wengi hawakikumbuki. Reli hiyo ilifika Mwanza mwaka 1928, enzi za Mwingereza, na lengo lake lilikuwa wazi: kuitoa pamba ya Usukuma na kuifikisha bandarini. Miaka 12 baadaye, mwaka 1940, mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, si mbali na hapo, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu. Kwa hiyo Songwa, senta ya wakulima na wafugaji yenye ardhi nyeusi ya mbuga, bwawa na safu chache za maduka, imekaa kwa karibu karne nzima katikati ya reli, pamba na almasi. Vitabu vya uchumi huviita vitu hivyo vyanzo vya utajiri.

Swali ninaloliuliza katika makala haya ni hili: utajiri huo uliopita mlangoni ulizifikiaje shule za umma za mahali kama Songwa? Naliuliza sasa kwa sababu maalumu. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Wenzao waliokuwa darasa la nne mwaka huohuo watamaliza darasa la saba mwaka uleule wa 2027. Makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja, Januari 2028. Nchi yetu imewahi kupokea mafuriko ya wanafunzi mara tatu tangu uhuru, na kila mara tumeyaandikia ripoti nzuri. Ni vema tukakumbuka yaliyotokea baada ya ripoti.

Nianze nyuma kidogo. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kumsomesha mtoto wa mkulima wa pamba. Ilihitaji makarani, wakalimani na watemi wanaoweza kusoma nyaraka. Shule ya Serikali ya Tabora ilijengwa kwa fikra hiyo, na wana wa watemi walipelekwa huko. Shinyanga yetu ilitoa mfano mashuhuri. Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha alisoma Tabora, akaenda Makerere, baadaye Oxford, na mwaka 1945 akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, pamoja na Mtemi, au Mangi kama wenyewe wanavyosema, Abdiel Shangali wa Machame. Hakuna sababu ya kumbeza mzee yule. Alikuwa msomi wa kweli. Lakini umbali uliokuwapo kati ya elimu yake na elimu ya kijana aliyechunga ng'ombe katika himaya yake unaeleza mfumo mzima kuliko takwimu zozote.

Nje ya Tabora, kazi kubwa ilifanywa na misheni na tawala za wenyeji. Wamisionari wa Africa Inland Mission walikuwa Kolandoto tangu muongo wa 1910, wakiwa na hospitali. Wamaryknoll wa Kikatoliki walikuja katika miaka ya 1950, na Jimbo la Shinyanga likaundwa mwaka 1956. Shule nyingi zilikuwa za miaka minne tu. Mtoto aliyefika darasa la nne alikutana na mtihani, na mtihani huo ulikuwa mlango mwembamba mno. Waliobaki nje walirudi machungani wakiwa wanajua kuandika majina yao, na pengine wakisaidia kusoma mizani ya pamba ili baba asidhulumiwe. Nadhani hilo la mizani ndilo lililowafanya wazazi wengi wa Usukuma waanze kuiona shule kuwa na maana. Elimu ilianza kuthaminiwa pale ilipomlinda mkulima dhidi ya mnunuzi.

Mwadui kulikuwa na ulimwengu mwingine. Williamson alijenga mji ndani ya uzio: nyumba, umeme, maji ya bomba, hospitali, shule, uwanja wa ndege. Alipofariki mwaka 1958, mgodi ukawa mali ya serikali na kampuni ya De Beers kwa hisa sawa. Mtoto wa mfanyakazi wa mgodi alikuwa na dawati na kitabu. Mtoto wa jirani wa mgodi, ambaye baba yake alilima pamba na kulipa kodi ya kichwa, alikuwa na mti na ubao, endapo alikuwa na shule kabisa. Kilometa chache zilitenganisha watoto hao wawili. Siandiki haya kuulaumu mgodi kwa kujenga shule nzuri. Mwajiri anayewajengea wafanyakazi wake shule anastahili sifa. Naandika kuonyesha kwamba tangu mwanzo wazo la huduma bora lilifungwa ndani ya uzio, na nje ya uzio watu wakazoea kuamini kwamba ubora ni wa wengine.

Hata hivyo nje ya uzio hawakukaa kimya. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walifanya jambo ambalo bado halijapewa heshima yake katika historia ya elimu. Chini ya uongozi wa akina Paul Bomani waliunda vyama vya ushirika vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ushirika uliokuja kuwa miongoni mwa mikubwa kabisa barani Afrika. Pamba ilipata mnunuzi ambaye ni mkulima mwenyewe. Pamoja na hilo kukawa na kitu adimu: fedha iliyokusanywa mashambani ambayo wenye nayo waliweza kuijadili mkutanoni. Halmashauri za wilaya nazo zilikuwa na vyanzo vyao vya mapato na jukumu la shule za msingi. Ushirika na halmashauri havikuwa malaika. Wizi ulikuwapo, upendeleo ulikuwapo, na Ripoti ya Tume ya mwaka 1966 iliyochunguza vyama vya ushirika haikuwa tamu kusoma. Lakini mzazi aliyetaka kujua kwa nini shule haina paa alijua mlango wa kubisha.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi wasiofika nusu milioni. Mwaka uliofuata mfumo wa shule kwa misingi ya rangi ukafutwa. Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, waraka ambao wanafunzi wangu huunukuu sana bila kuusoma. Waraka ule ulisema elimu ya msingi iwe elimu kamili kwa wengi watakaoishi kijijini, badala ya kuwa ngazi ya wachache watakaokwenda sekondari. Mpango wa Pili wa Maendeleo ulilenga watoto wote wawe shuleni ifikapo mwaka 1989. Kisha, Novemba 1974, chama cha TANU kilikutana Musoma na kuamua kwamba mwaka 1989 ni mbali mno. Lengo likavutwa hadi 1977.

Hapa ndipo msomaji anipe nafasi nikae kidogo, kwa sababu mengi tunayoyaona leo yalizaliwa hapa.

Azimio la Musoma lilifanikiwa, tena kwa kishindo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa takribani milioni 3.5. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ilifanya kuandikishwa na kuhudhuria kuwa lazima. Elimu ya watu wazima nayo ikaenda sambamba: watu wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa zaidi ya theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, walishuka hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986 kwa hesabu rasmi. Nchi chache maskini duniani zilikuwa zimefanya hivyo, na kwa kasi hiyo.

Walimu walitoka wapi? Vyuo vilivyokuwapo visingeweza. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka moja kwa moja shuleni kufundisha nusu ya siku na kujifunza nusu nyingine, kwa masomo ya posta na ya redio na wakufunzi waliozunguka kwa baiskeli. Baada ya miaka mitatu hivi waliingia chuoni kwa muda mfupi, wakafanya mtihani, wakawa walimu. Makumi ya maelfu ya vijana walipitia njia hiyo. Wananchi waliwaita walimu wa UPE, na jina hilo baada ya muda likawa tusi la mtaani. Hata leo ukitaka kumdhihaki mtu aliyefanya kazi hovyo unamwambia amesoma UPE.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1987 katika shule moja ya kijijini mkoani Shinyanga. Nilifundishwa kusoma na mwalimu wa UPE. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia, vitabu vilikuwa kimoja kwa wanafunzi watano au sita, na tuliokaa mbele tulikalia matofali ya udongo tuliyokuja nayo wenyewe. Mwalimu yule hakuwa na cheti kikubwa. Alichora herufi ardhini kwa kijiti nje ya darasa, kwa kuwa chaki ilikuwa haba, akatupanga makundi kumi kumi, na kila kundi lilikuwa na kiongozi aliyekwisha kujua kusoma. Kufikia darasa la pili nilikuwa namsomea bibi yangu barua za mjomba kutoka Tabora. Kwa hiyo ninapowasikia wenzangu chuoni wakisema walimu wa UPE ndio walioua elimu ya Tanzania, nanyamaza kwanza, kisha nabisha.

Lakini sitapamba. Darasa la tano hadi la saba, katika shule ileile, tulitumia siku nyingi shambani kuliko darasani. Pamba ya shule ilipaliliwa na sisi, ikachumwa na sisi, na fedha yake hatukuiona hata kwa umbo la mpira wa miguu. Ndiyo Elimu ya Kujitegemea tuliyoifahamu: jembe likabaki, elimu ikaondoka. Kati yetu tuliomaliza, waliochaguliwa kwenda sekondari ya serikali walikuwa wawili.

Kwa nini jengo kubwa namna ile lilianza kuporomoka mapema hivyo? Majibu ya kawaida yanafahamika: bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kushuka kwa bei za mazao, kisha masharti ya marekebisho ya uchumi tangu 1986. Yote ni kweli. Ila kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha, na linaonekana vizuri zaidi ukisimama mahali kama Songwa. Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri za wilaya kwa mpango ulioitwa, kwa kejeli ya historia, Madaraka Mikoani. Mwaka 1976 ikavifuta vyama vikuu vya ushirika. Yaani katika muda uleule ambao idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu, taasisi mbili ambazo wananchi wa Usukuma walizijua, walizichangia na kuzigombeza, zilikuwa zimeondolewa. Shule ikabaki na wizara huko Dar es Salaam na kamati ya chama kijijini. Paa lilipoezuliwa na upepo, hapakuwa na mlango wa kubisha. Halmashauri zilirudishwa katika miaka ya 1980, na ushirika ukarudi pia, Shinyanga ikapata SHIRECU. Lakini zilirudi zikiwa dhaifu, zikiwa na madeni, na wananchi walikuwa wamejifunza kutozitegemea.

Tuongeze na vijiji. Operesheni ya kuhamia vijijini iliufikia Mkoa wa Shinyanga mwaka 1974. Watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila kaya na mji wake na mifugo yake, walikusanywa, na shule zikajengwa katikati ya vijiji vipya. Miaka ya 1980 shinikizo lilipolegea, kaya nyingi zilirudi polepole kwenye mahame yao ya zamani, karibu na malisho na maji. Shule haikuhama nao. Mtoto wa miaka saba akajikuta na mwendo wa kilometa tano au zaidi, na msimu wa mvua mbuga ikiwa tope zito linaloshika mguu hadi kwenye kifundo. Ofisa aliyekaa wilayani aliandika "utoro". Mama aliyekaa nyumbani aliona mtoto mdogo asiyeweza kuvuka mto.

Kufikia miaka ya 1990 karo ya UPE ilikuwa shilingi 2,000 kwa mwaka, na juu yake michango isiyo na idadi. Uandikishaji wa jumla kitaifa ulishuka hadi chini ya asilimia 80, na watoto wa umri halisi wa shule waliokuwa darasani mwishoni mwa muongo huo hawakufika asilimia 60. Mkulima wa pamba aliyelipwa kwa kuchelewa, au aliyepewa stakabadhi badala ya fedha, alichagua mtoto mmoja asome. Mara nyingi alikuwa wa kiume, na mara nyingi alikuwa yule asiye hodari wa kuchunga.

Wimbi la pili lilikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya karo kufutwa. Wanafunzi waliongezeka kutoka chini ya milioni 5 mwaka 2001 hadi takribani milioni 7.5 mwaka 2005. Madarasa yalijengwa kweli. Ukipita vijiji vingi vya Kishapu leo, majengo imara ya zamani kidogo yenye maandishi ya MMEM bado yapo. Kamati za shule zilipewa akaunti benki. Baadaye zikaja sekondari za kata, na katika miaka michache nchi ilitoka kwenye sekondari zisizofika 1,500 hadi zaidi ya 4,000. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima wa Songwa angeweza kwenda sekondari na kurudi nyumbani jioni. Jambo hilo ni mapinduzi, na anayelidharau hajawahi kuona binti wa darasa la saba aliyefaulu akibaki nyumbani kwa sababu nafasi ziko Tabora au Mwanza.

Walimu? Tulirudia dawa ya 1974 bila hata kusoma maelezo ya chupa. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya takribani mwezi mmoja na leseni, wakapelekwa kufundisha sekondari. Mitaani waliitwa "vodafasta", kwa jina la huduma ya kuongeza salio haraka. Ulinganisho na walimu wa UPE ulikuwa wa bahati mbaya kwa UPE, kwa kuwa wale wa Musoma angalau walifundishwa kazini miaka mitatu wakiwa na mkufunzi.

Matokeo hayakuchelewa. Uwezo walipoanza kupima watoto majumbani, taarifa yao ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba ni watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia: sita kati ya kila watahiniwa kumi walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu akaunda tume. Bunge likanguruma. Mjadala mkubwa ukawa juu ya alama na viwango vya upangaji wa madaraja, kana kwamba kipimajoto ndicho kilichokuwa na homa.

Wimbi la tatu lilianza Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 kufuta ada na michango hadi kidato cha nne. Wazazi walijitokeza kwa wingi kiasi kwamba madarasa ya kwanza yalifurika nchi nzima. Naliunga mkono tamko lile wakati ule, na naliunga mkono sasa. Hata hivyo mtumishi wa umma anayesoma makala haya anajua hesabu ninayotaka kuifanya. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kiliwekwa wakati wa MMEM, mwaka 2002, kikiwa sawa na dola 10 hivi za Marekani. Shilingi imeshuka thamani, bei zimepanda, idadi imeongezeka, lakini kiwango kimebaki palepale. Leo ni dola nne hivi. Kati ya hizo 10,000, sehemu ya 4,000 ilibaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zilizoelekezwa kwenye akaunti ya shule. Gawanya kwa siku 194 za masomo: ni kama shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Ndizo za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, dawa ya choo na safari za mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Andazi moja pale stesheni ni bei zaidi ya hiyo.

Na kwa kuwa ruzuku inafuata idadi, idadi nayo ikaanza kufuata ruzuku. Mwaka 2016 uhakiki ulipofanyika nchini waligundulika wanafunzi hewa makumi ya maelfu. Walimu wakuu kadhaa waliadhibiwa, kwa haki. Lakini mtafiti hana budi kuuliza pia juu ya mtoto ambaye si hewa, aliyeandikishwa Januari na kuonekana hadi Machi, kisha familia ikahama na mifugo kuelekea Katavi, Rukwa au Morogoro. Jina lake linabaki katika daftari. Wasukuma wamekuwa wakihama hivyo kwa miongo mingi, na mfumo wetu wa uandikishaji bado unamwona mtoto kama mti uliopandwa: unapouhesabu unategemea kuukuta hapohapo mwakani.

Wapo pia wasiohama mbali. Machimbo madogo ya Maganzo yako jirani na Mwadui, na upande wa Geita kuna Nyarugusu na Rwamgasa. Mwaka 2013 Human Rights Watch walichapisha ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Kijana wa miaka 14 anayepata elfu kadhaa kwa siku kwa kubeba mawe hahitaji hotuba juu ya umuhimu wa elimu. Anahitaji kuona mwaka hata mmoja ambao shule imempa kitu ambacho machimbo hayawezi. Kwa wasichana hesabu ni ya ng'ombe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliuweka Mkoa wa Shinyanga juu kabisa kwa ndoa za utotoni: karibu wanawake sita kati ya kumi wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya miaka 18. Sheria imekazwa tangu 2016 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi, na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Ila mahari bado hupangwa katika mwaka wa njaa, na katika Kishapu yenye ukame miaka ya njaa si michache.

Migodi je? Kwa miaka mingi ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ghafi ulikuwa na kikomo: makampuni makubwa ya dhahabu yalilipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka na si zaidi, bila kujali walichochimba. Mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yaliyataka makampuni kuandaa mipango ya uwajibikaji kwa jamii pamoja na halmashauri, na Geita imejenga madarasa mengi kwa njia hiyo. Nimeyaona, ni mazuri. Wasiwasi wangu ni kwamba mgodi hujenga darasa kwa sababu darasa linapigwa picha. Mwalimu wa hisabati hapigwi picha, na mshahara wake hauzinduliwi kwa kukata utepe.

Nikifikiria mfano wa kinyume, huwa sifikirii mgodi kabisa. Nafikiria ngitili. Mwaka 1986, Shinyanga ikiwa imeitwa jangwa, ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Badala ya kuleta miti ya kigeni na amri, wataalamu walikubali desturi ya Kisukuma ya kutenga eneo la malisho kwa ajili ya kiangazi. Ndani ya miaka kama 20 mamia ya maelfu ya hekta za uoto yalirudi. Jambo linalosahauliwa ni kwamba vijiji kadhaa vilitumia mapato ya ngitili za jumuiya kujengea madarasa na nyumba za walimu. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa na mali wanayoimiliki, mkutano wanaoufahamu na shule wanayoiona kwa macho yao.

Mara ya mwisho nilipokuwa Songwa nilikaa asubuhi nzima na mwalimu mstaafu, mmoja wa wale wa 1975. Nilimsalimu "Mwangaluka", akanijibu kwa furaha, kisha akanigeuzia Kiswahili cha darasani, kile kilichonyooka kama mstari wa rula. Nilimuuliza kama anaona shule za leo ni mbaya kuliko za wakati wake. Alicheka. "Mwanangu," alisema, "sisi tulikuwa na watoto wengi na hatukuwa na kitu. Hawa wana majengo. Niambie wewe msomi, darasa la kwanza pale lina walimu wangapi?" Nilikuwa nimetoka kuuliza. Kwa watoto zaidi ya 150 alikuwapo mwalimu mmoja, na wiki hiyo alikuwa likizo ya uzazi. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu.

Alinionyesha daftari la zamani alilolihifadhi, la miaka ya mwisho ya 1970, kurasa zimeliwa na mchwa pembeni. Mbele ya kila jina kulikuwa na alama za mahudhurio kama kawaida, lakini alikuwa ameongeza safu yake mwenyewe kwa kalamu nyekundu, ambayo wizara haikuiagiza. Ilikuwa na herufi moja tu kwa kila mtoto: S kwa anayesoma, B kwa ambaye bado. Kila mwisho wa mwezi alizihesabu B. Nilimuuliza alizipeleka kwa nani. "Kwa nani?" alinirudishia. "Hakuna fomu iliyoziomba."

Fomu za sasa ziko kwenye mfumo wa kielektroniki na zina safu nyingi zaidi: wavulana, wasichana, wenye mahitaji maalumu, madawati, matundu ya vyoo, umbali. Januari 2028, makundi mawili yatakapofika kwa pamoja kidato cha kwanza, halmashauri zitaulizwa idadi ya vyumba vya madarasa vilivyokamilika, na nina hakika zitajibu kwa wakati. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, ambao wengi wao wataajiriwa katika halmashauri hizohizo, nimewapa kazi ya muhula huu: kila mmoja arudi katika shule ya msingi aliyosoma, aombe ruhusa ya mwalimu mkuu, akae na darasa la tatu siku moja, na ahesabu B.